Mguu Mpya na Mfereji wa Jirani

Mama mmoja alikuwa anachambua dagaa, sinia mapajani, kuku wakimnyemelea, jirani akaja na habari kwamba mumewe yumo mferejini tena. Tena, wapendwa, maana asubuhi alikuwa ameshatolewa humo humo.

Mume huyo alikuwa na mguu wa bandia. Ule wa zamani ulikuwa wa mti, mzito kama mchi, na hakuwahi kuanguka nao. Sasa hospitali imempa mpya, wa metali iitwayo magnesiamu, iliyochanganywa na chembe za kauri, udongo mgumu wa kuchomwa. Fundi alimweleza kwamba magnesiamu peke yake ni nyepesi lakini laini. Ikichanganywa hivyo, hubeba mtu na gunia lake. Mzee akaupenda kupita kiasi. Akitembea, anautazama. Na macho ndiyo huuambia mguu mahali pa kukanyaga. Yakibaki gotini, njia ataiangalia nani?

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yao, na ilimpasa amfikishe mbele kanisani. Mdogo wa mzee alishaanza kutangaza kwamba akihitajika kumsindikiza binti yupo, na suti anayo. Hilo lilimuuma mzee kuliko goti.

Mke alimkuta amelowa chapachapa. Hakumpa pole, alimpa sinia la dagaa.

"Lishike kifuani, twende nyumbani. Ukimwaga, watoto watakula ugali mkavu."

"Mama watoto, mbona siuoni mguu wangu?"

"Utakufuata. Wewe tazama njia kule mbele."

Mzee akaenda. Akapita mizizi ya mparachichi, akavuka ubao wa mfereji, hakuna dagaa aliyeanguka. Mkewe yuko nyuma, macho yamegandia kisigino kile kipya, anamwelekeza: inua, taratibu, kushoto. Mara, kishindo. Nani kaanguka? Mnadhani mzee?

Mama yule alikuwa mferejini, kitenge kimemfunika uso, kifundo kimeteguka.

"Ulikuwa unatazama nini?" mumewe akauliza, sinia bado mikononi.

"Mguu wako."

"Na mimi nilikuwa nautazama huo huo. Karibu mferejini."

Tunacheka, eti? Nani hapa hajui ndoa ya jirani inavyochechemea, au binti wa nani aliteleza wapi? Tunaelekeza hatua za wenzetu, inua, kushoto, na ubao wetu wenyewe hatujui ulipo. Na mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa na nia njema, ila macho hayakuwa mahali pake. Nia njema haikumvusha. Sisi itatuvusha?

Jumamosi mzee alimfikisha binti, kichwa juu, na mdogo wake akakaa benchi la nyuma na suti yake. Lakini turudi jioni ile ya mfereji. Mzee ndiye aliyepika dagaa, wakatoka na chumvi nyingi, akapakua. Mama, mguu juu ya kigoda, akahesabu vichwa vya walaji kama kawaida yake, akaridhika kwamba wote wapo.

"Bado mmoja," mzee akasema, akamwekea mkewe sahani mapajani. "Sasa wote wapo. Tule."