Ujira wa Aliye Chini

Methali hii ina bahati mbaya: wanaoipenda zaidi ni mahasidi. Mtu akimwona mwenzake amejenga au amepata cheo, hukunja uso na kusema, "Aliye juu mngoje chini," yaani ataanguka tu, nami nitakuwepo nimcheke. Nionavyo mimi, huko ni kuipotosha methali ya watu. Wakazi wa Mtongwe, kule Likoni, waliipata maana yake nyingine miaka michache kabla ya uhuru, na aliyewafundisha alikuwa hasidi mwenyewe.

Hasidi huyo aliitwa Faki. Alikuwa mkwezi hodari wa minazi, mwana wa mkwezi. Marehemu baba yake ndiye aliyewafundisha kazi yeye na rafiki yake wa utotoni, Nzai, na aliwaachia sharti moja: hakuna kukwea peke yako. Mmoja akiwa juu, mzee alisema, wa pili na amngoje chini, amwonyeshe kuti bovu na nyoka, awazuie wapita njia na kushika kamba ya akiba. Sharti hilo lilizaliwa siku Katana, mkwezi mwenzao, alipoanguka pasi na mtu karibu, akabaki na mguu mmoja mfupi. Tangu hapo Katana hakukwea tena. Akawa mtu wa chini wa Nzai, na kwa ujira huo akawalisha wanawe.

Kila ulipowadia msimu wa kuangua nazi, vibarua walikutana barazani kwa Bi Alawiya, mjane mwenye shamba kubwa, kupatana ujira wa kutwa. Mzee, aliyekuwa akiwasemea, alipofariki, Faki alijua kwa yakini kwamba msemaji wao atakuwa yeye. Wenzake wakamchagua Nzai. Wivu ukamwingia Faki kama funza kidoleni: ni kitu kidogo, lakini hakimpi mtu usingizi.

"Shikamoo, bibi," Nzai alianza.

"Marahaba, mwanangu. Haya, mwaka huu mwataka ngapi?"

"Shilingi sita kwa kutwa. Nne za aliye juu, mbili za aliye chini."

Bi Alawiya alimtazama Katana, akacheka. "Wa juu kazi yake naijua. Huyu asimamaye kutwa akitazama mbinguni, namlipia nini?"

"Ukimwona hana kazi, bibi, ujue siku hiyo yetu imekwenda salama."

Bibi akakubali. Baraza zima likamshangilia Nzai. Faki naye alipiga makofi, ila moyoni alitamani ardhi immeze yule anayeshangiliwa.

Msimu ule Nzai akanunua baiskeli yenye kengele. Kila jioni alipopita mlangoni kwa Faki aliipiga kumsalimu, na kila ilipolia Faki aliona anatukanwa.

"Aliye juu mngoje chini!" alimpigia kelele kila mara. Nzai aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaenda zake.

"Hata kengele yakuudhi?" mkewe, Mwanarehema, alimuuliza. "Mwenzio akusalimu, wewe wamlaani!"

"Kazi ile ni ya baba yangu! Yeye ni nani hata apange bei mbele yangu?"

"Basi sema una wivu, bwana, upoe."

Hakupoa. Msimu mwingine ulipokaribia, alimtangulia kila mtu barazani kwa Bi Alawiya.

"Bibi, mimi nitakukwelea kwa shilingi tatu. Peke yangu. Mtu wa chini simtaki."

Bi Alawiya akaacha kutafuna tambuu. "Na wenzio waijua bei hii?"

"Bei ni yangu, bibi, na miguu ni yangu."

"Hata baba yako hakukwea peke yake."

"Baba alikuwa mwoga," Faki alisema, na neno hilo lilimchoma hata yeye mwenyewe.

Bi Alawiya hakuwa mtu mbaya, lakini alizaliwa katika nyumba ya biashara, na huko rahisi haifukuzwi mlangoni. Akakubali. Wenye mashamba wengine walipopata habari, nao wakataka bei hiyo hiyo. Nzai hakukubali kukwea bila mtu wa chini, akaiuza baiskeli. Yeye na Katana wakawa vibarua wa kulima muhogo katika kiunga cha jirani, na Katana, kwa mguu wake ule, alikuwa hoi kabla jua halijapanda. Faki mwenyewe sasa alipata pungufu kuliko zamani, lakini hakujali. Kengele ilikuwa imenyamaza.

Asubuhi moja, akiwa kileleni mwa mnazi ulio mpakani, alisikia kicheko. Akachungulia. Ng'ambo ya ua, Nzai na Katana walikuwa wakila muhogo wa kuchemsha na kutaniana. Faki akashikwa na uchungu. Amewanyang'anya shamba, amemwuzisha mtu baiskeli, na bado wanacheka? Wanamcheka nani? Alijivuta mbele apate kusikia, akashika kuti la kulia.

Lilikuwa bovu, na mtu wa chini angeliliona. Kuti likakatika, kamba ya miguuni ikamponyoka, bega moja likateguka, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja.

"Nafa! Jamani, nafa!"

Katana aliinua uso. "Mwache aonje kidogo," alisema. "Mwanangu amelala njaa kwa ajili yake."

Nzai alisita. Tusimpambe, naye alikuwa binadamu, na uchungu wa baiskeli yake aliujua. Lakini alisita kwa pumzi moja tu. Aliinyakua ile kamba ya akiba, ambayo Katana hakuacha kuibeba hata shambani, akaruka ua. Katana naye akamfuata akichechemea, na alipofika chini ya mnazi akaanza kazi yake bila kuambiwa.

"Faki! Mguu wa kushoto, teremsha kidogo, kidato kipo hapo! Usiliguse kuti hilo! Nzai, pitia upande wa kulia!"

Faki aliitii sauti ile. Nzai alimfikia, akamfunga kiunoni, wakashuka pole pole hadi ardhini.

Bi Alawiya alikuja mbio, buibui limemteleza mabegani. "Wallahi, nilidhani nimepata kazi rahisi, kumbe nilikuwa nikinunua maiti!"

"Bibi," Faki alisema, ameshikilia bega lake, "ile haikuwa bei ya kazi. Ilikuwa bei ya wivu. Mrudishie Nzai sita zake, na Katana mahali pake."

"Nimewarudishia," Bi Alawiya alijibu. "Na shamba hili halitakwewa tena na mtu mmoja."

Faki akamgeukia Nzai, machozi yakimlengalenga kwa haya. "Nilikukatia riziki yako. Mbona ulikuja?"

Nzai alikuwa akikunja kamba.

"Si wewe uliyekuwa ukinikumbusha kila jioni, nikipita mlangoni kwako?" alisema. "Nilidhani wanisomea neno la marehemu baba yako, nami nikalishika."

Faki aliinamisha kichwa asiweze kumtazama, maana sasa aliisikia sauti ya baba yake, vile vile alivyolitamka mzee siku alipowapa sharti lile: aliye juu, mngoje chini.