Mkono wa Kuume wa Moustapha

Habari hii nilipewa na Mama Bertille, jirani yangu, msimu wa mvua uliopita, tulipokuwa tumekaa barazani tukichambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Yeye alikuwamo ndani ya boti iliyomleta marehemu, bega kwa bega naye, kwa hiyo mwanzo wa msiba hakusimuliwa. Aliuona kwa macho yake. Wazee walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Maana yake ni kuwa ugonjwa unaositiriwa kwa aibu au kwa tamaa haukai mafichoni daima. Hutoka wenyewe siku ya msiba, mbele ya watu wote, na siku hiyo dawa huwa haina kazi tena.

Moustapha alikuwa mwana wa pekee wa kiume wa Mama Mwanamisi. Tangu ujana wake alivuta makasia ya mitumbwi ya ndagala hapa Kalemie, na mikono yake ilikuwa migumu kama mizizi ya mvule. Wenzake wa ufukweni walikuwa wakitania kwamba Moustapha akikusalimu asubuhi, vidole vyako vinaamka jioni. Lakini ziwa lilipopanda miaka hii na kumeza nyumba za mbele, mawimbi yaliuvunjavunja na mtumbwi wake, naye ikambidi atafute riziki nchi kavu.

Aliipata kilimani, kwenye uwanja wa gofu ambao Wabelgiji waliuacha ukawa pori, kisha wafanyabiashara wachache wakaufyeka upya. Ulikuwa uwanja wa mashimo tisa na mbuzi wasiohesabika. Kuzunguka kila shimo hapakuwa na majani laini, bali mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Moustapha alianza kwa kuwabebea wachezaji mifuko yao, na baadaye akaruhusiwa kucheza.

Mtunzaji wa uwanja, Papa Zacharie, ndiye aliyemfundisha. Siku ya kwanza alimtazama anavyoikamata fimbo, ngumi zimekaza na mishipa imetutumka kama mtu anayepambana na tufani katikati ya ziwa. Mzee akatikisa kichwa.

"Hii si kasia, mwanangu," alimwambia. "Fimbo unaishika vile unamushika mama muzee akishuka mu boti. Ukilegeza, ataanguka. Ukikaza, utamuvunja mifupa. Nguvu njo inatoka kiunoni. Mukono kazi yake ni kuongoza tu."

Moustapha alijaribu siku mbili tatu, akaacha. Kwa nguvu zake zile za ziwani mpira wake uliruka mbali kuliko wa yeyote, na waliokuwapo walimpigia makofi. Makofi nayo ni pombe. Yakimpanda mtu kichwani, neno la mwalimu haliingii tena.

Basi ikatangazwa kwamba Papa Zacharie amezeeka, na kwamba atakayeshinda mashindano ya baada ya Idi ndiye atakayerithi kazi ya kufundisha. Wenye kutazamiwa walikuwa wawili, Moustapha na kijana mmoja mwepesi wa ulimi aitwaye Jeancy. Moustapha alitaka kazi ile kama mgonjwa anavyotaka asubuhi. Akawa anapiga mipira tangu alfajiri mpaka kivuli chake kinamzidi urefu. Kwanza viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Kisha maumivu yakaingia ndani zaidi, mahali ambapo jicho halifiki. Kidole cha kati cha mkono wa kuume kikaanza kukwama. Akikikunja hakikunjuki mpaka akivute kwa mkono wa pili, nacho hulia kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Kila alipoamka, kiganja kizima kilikuwa kimekufa ganzi.

Mwenye busara angesema. Moustapha aliwaza kwamba wakijua ana mkono mbovu hawatamkabidhi fimbo, na nafasi itamwendea Jeancy. Akakaza roho, akanyamaza. Alijikanda kwa mawese ya moto nyuma ya nyumba, mkewe Maimouna akiwa sokoni. Uvimbe aliufunika kwa glavu. Ila wachezaji wanaopigia mkono wa kuume huvaa glavu mkono wa kushoto, na yeye aliivaa wa kuume, jambo ambalo Jeancy hakuliacha lipite.

"Papa Moustapha, glavu imepotea njia?" aliuliza mbele ya watu. "Ao mukono wa kuume unaenda harusi?"

Watu walicheka, na Moustapha akacheka kuliko wote.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Mtu aliyekula bukari, ugali wetu, kwa mkono tangu aachishwe ziwa akaanza kula kwa kijiko. Maimouna alimtania kwamba kesho ataagiza na uma, na keshokutwa atataka aitwe Mzungu. Baadaye utani ulimwisha, akamsihi aende kwa muuguzi. Moustapha alijibu kwamba ni malengelenge tu, ataenda mashindano yakishapita. Hata Papa Zacharie alimshika siku moja, akamwambia avue glavu auone mkono. Jibu lilikuwa lile lile, malengelenge tu.

Siku ya mashindano ilifika. Kufikia shimo la mwisho Moustapha hakuisikia tena fimbo mkononi. Alijua tu kwamba anayo kwa sababu aliiona. Akaibana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kama aliyeshika kamba ndani ya kisima, akapiga, akashinda. Watu walimbeba juujuu. Jeancy alipokuja kumpa mkono, Moustapha alimpa wa kushoto, akisema huu mwingine una vumbi. Jeancy aliutazama ule mkono wa kushoto kwa kitambo, kisha akaupokea.

Mama Mwanamisi alikuwa Moba, mwambao wa kusini wa ziwa, kwa binti yake aliyejifungua. Alipopata habari kwa simu alilia kwa furaha, akasema hawezi kungoja, anakuja kumbariki mwanawe. Akapanda boti ya mbao pamoja na Mama Bertille, aliyekuwa anarudi na maharage ya Kirungu, milimani karibu na Moba. Njia nzima hakuwa na hadithi nyingine ila Moustapha, mpaka mabaharia wakamjua kwa jina mtu wasiyewahi kumwona.

Tangu ziwa lilipopanda, boti haziwezi kugusa mchanga kwenye mwalo wetu, pale zinapoteremsha abiria. Huwekwa ubao kutoka botini hadi kwenye mifuko ya mchanga na mawe, na ubao huo huwa umelowa saa zote. Tena kwa watu wetu wa ziwani mzazi hapokelewi na mpagazi kama gunia. Mtoto wake husimama majini, akanyoosha mkono wa kuume, na mzazi hushuka kwa mkono huo. Kumpa mama mkono wa kushoto ni kumtukana.

Boti ilipofika, Moustapha alikuwa amekwisha kuingia majini mpaka magotini. Asubuhi hiyo mkono haukuamka kabisa. Alijua kwamba wa kushoto ni mzima, na kwamba wapagazi wamesimama hatua chache tu. Lakini macho ya mwalo mzima yalikuwa kwake, mwalimu mpya. Atoe wa kushoto, watu waulize? Mama Bertille alitaka kumshikilia Mama Mwanamisi kwa nyuma, naye akakataa.

"Acha, Bertille. Huyu akinishika, hata ziwa lichafuke siogopi."

Akaweka mkono wake ndani ya mkono wa kuume wa mwanawe, akauegemea kwa uzito wake wote. Vidole vya Moustapha vilijifunga nusu, vikakwama, vikafunguka. Mama akateleza kati ya ubao na mawe, na kichwa kikapiga jiwe kabla ya mwili kufika majini.

Walimtoa, wakamkimbiza hospitalini. Kila mtu aliulaumu ubao. Wengine walilaumu ziwa, wengine mvua ya jana, na Moustapha aliwaacha walaumu. Alikaa kando ya kitanda, glavu mkononi, bado inachuruzika maji. Jioni Mama Mwanamisi alifumbua macho. Wauguzi walikuwa upande wa pili na Maimouna alikwenda kutafuta maji, kwa hiyo walikuwa wawili tu, na maneno haya Moustapha mwenyewe aliyatoa baadaye.

"Mukono una nini, baba?" aliuliza, sauti yake ndogo kama ya mtoto.

"Hauna kitu, mama. Ni maji yalitutelezesha."

Mama alimtazama kitambo kirefu, kama anayengoja neno jingine. Moustapha akaivuta glavu juu zaidi. Jua lilipozama, naye alikuwa amekwenda.

Kesho yake asubuhi walimpeleka makaburini. Wanaume waliporudi ndio waliosimulia kilichotokea huko. Mama hushushwa kaburini na damu yake. Watu walifungua njia ili mwanawe wa pekee wa kiume ashuke kumpokea, naye Moustapha akasogea mpaka ukingoni, akasimama. Waliobeba jeneza walingoja. Shehe akamwita kwa upole. Moustapha alivua glavu, akautazama mkono uliovimba na kupinda, na watu wote wakauona.

"Siwezi kumupokea," alisema. "Mukono haushiki. Hata jana haukushika. Si ubao. Ni mimi."

Yassine, mtoto wa dada wa marehemu, ndiye aliyeshuka, na mama akapokelewa na mikono isiyo ya mwanawe. Papa Zacharie, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na kofia yake mikononi, alimngoja hadi watu walipoanza kutawanyika.

"Ungeniambia," alisema. "Ningesogeza mashindano, ungepumzika, ungepona. Nafasi ile ningekuwekea, mwanangu."

Akamwekea mkono begani kidogo, akaondoka. Moustapha hakurudi kilimani tena. Siku ile ile Jeancy alikuja msibani, akakaa chini bila utani hata mmoja, akamwambia kwamba kazi haitaki kwa njia hii. Moustapha alimwambia aichukue.

Mchana wanawake walipika bukari kwa wafiwa. Maimouna alileta sahani bila kijiko, kwa sababu hapakuwa na cha kuficha tena. Akamkatia mumewe matonge mwenyewe, akamlisha moja baada ya jingine kama mtoto, na Moustapha akala huku machozi yanaingia kinywani pamoja na chakula. Wageni walijinyoosha mmoja mmoja mikekani kwa uchovu wa kukesha. Maimouna naye kichwa kikamwangukia ukutani, usingizi ukamchukua. Moustapha alibaki akiutazama mkono wake, akajaribu kuufunga, ukakataa. Mwisho naye akalala, wa mwisho katika nyumba ile, mkono wa kuume umelazwa wazi juu ya mkeka wa mama yake, mahali ambapo kila anayepita angeweza kuuona. Mficha maradhi, kilio humfichua.