Nani Apewe Ngoe ya Ndiva?

Sogeeni, nyie mliokaa nyuma. Hadithi hii haina shujaa wa kupigiwa makofi. Ina kesi, na mahakimu ni ninyi. Naomba kitu kimoja tu, msichague upande kabla sijamaliza. Nawajua.

Huko milimani Upare kulikuwa na kijiji kilichoishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Maji ya mfereji hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu hulizibua akanywesha shamba lake. Siku moja, mtu mmoja. Kizibo kilikuwa chini kabisa, mkono haufiki, kwa hiyo kilivutwa kwa ngoe, yaani mti wenye ncha iliyopinda, mrefu kama mtu mzima. Ngoe ilikuwa moja kijiji kizima. Kila jioni mtunza ndiva alimkabidhi mwenye zamu ya kesho, mkono kwa mkono, basi, hakuna karatasi wala sahihi. Ukishaipokea kutoka mkononi mwake, maji ya kesho ni yako. Ukiichukua mwenyewe, wewe ni mwizi, na mwizi wa maji alinyimwa zamu msimu mzima.

Katika kijiji hicho walikuwepo watu watatu wenye vipaji.

Kiondo alikuwa na masikio. Alimtambua mtu kwa kikohozi chake, kwa kandambili zake, hata kwa namna anavyohema akipanda mlima. Ukipita nyuma ya ua wake unamsema, ujue amekusikia.

Nachia alikuwa na macho. Alipika dengelua, ile pombe ya miwa, na mtu akiinuka kwenda zake Nachia alijua amekunywa kata ngapi na ataanguka wapi. Hakuwahi kukosea, na walevi walimchukia kwa hilo.

Kilave alikuwa na mikono. Aliezeka nyumba, na paa alilolishika mara moja hakulisahau. Angeweza kukwambia boriti yako ya tatu ina fundo upande gani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kiondo na Kilave walikuwa watu wa dini, wa nyumba moja ya ibada. Dini gani sisemi, maana nikisema tu nusu yenu mtaacha kunisikiliza. Nachia hakuwa na dini. Hakwenda kwenye ibada, hakwenda kwenye matambiko ya ukoo, na akiulizwa alijibu kwamba aliwahi kuita akiwa na shida, hakusikia jibu, akaacha kuita. Watu walimwogopa kidogo, ila pombe yake walikunywa.

Mtunza ndiva aliitwa Sengondo. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, na ndiye aliyetoa mbao za kujengea ile nyumba ya ibada. Sheria ilimkataza kunywa akiwa na ngoe mkononi. Jumanne moja kulikuwa na harusi, Sengondo akaenda na ngoe, akaiegemeza ukutani, akanywa. Alasiri akirudi akakutana njiani na Namkunda, mjane mwenye watoto watatu, akampa ngoe. Zamu ya Namkunda ilikuwa Alhamisi. Jumatano ilikuwa ya mtu mwingine. Lakini Sengondo kichwani mwake siku moja ilikuwa imeshapotea, na Namkunda akadhani zamu zimebadilishwa, jambo la kawaida pale. Akapokea. Jumatano asubuhi akazibua.

Mwenye zamu, aliyesubiri ngoe jioni nzima bila kuipata, alipofika na jembe lake akakuta ndiva tupu na maharage ya Namkunda yameloa. Ukawa ugomvi. Sengondo akaitwa, na hapo pombe ilikuwa imemtoka, aibu imeingia. Akasema hakumpa mtu ngoe. Akasema aliitundika upenuni nyuma ya nyumba yake kungoja jioni, kama siku zote, na mjane ameiiba.

Wazee wakapanga kukaa Jumamosi. Namkunda hakuwa na shahidi. Maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na maharage yakikosa maji wakati wa maua hakuna mavuno. Akinyimwa zamu msimu ule, hana budi kushuka na watoto tambarare kukata mkonge, na shamba la mumewe ndilo basi tena. Alilia siku tatu. Sioni haya kusema nilimhurumia, na nyie pia mhurumieni.

Kumbe wakati Sengondo anampa ngoe, walikuwa wamesimama nyuma ya ua wa Kiondo, na Kiondo alisikia kila neno. Tatizo ni kwamba Kiondo na Namkunda walikuwa hawasalimiani mwaka wa saba, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Tena kulikuwa na hili: Namkunda akinyimwa maji, zamu yake ingehamia kwa jirani, na jirani ni yeye Kiondo. Hakuhitaji hata kusema uongo. Ingetosha anyamaze tu, na hakuna ambaye angemuuliza. Jumamosi alisimama mbele ya wazee, akaeleza alichosikia, akaapa kwa Mungu wake. Akamgeukia Namkunda, mara ya kwanza kwa miaka saba, akamwambia, "Mama, usidhani nimekupenda. Ingekuwa ni hiari yangu, ningekaa kimya. Ila nimeamriwa kusema kweli hata kwa adui, na siku ya kuulizwa nitaulizwa mimi."

Wazee wakasikia, lakini Sengondo akasema Kiondo ni mzee, masikio yamechoka, na yeye siku ile alikuwa na akili zake timamu, angempaje mtu ngoe siku isiyo yake?

Hapo akasimama Nachia. Ndiye aliyepika pombe ya harusi. Na Sengondo, nilichelewa kuwaambia, alikuwa kaka yake, tumbo moja. Nachia alipoachika alirudi bila hata sufuria, kaka yake akampa nyumba ya kukaa, na mpaka siku ile alikuwa anakaa humo. Alijua akifungua mdomo atafungasha. Akasema, "Kaka alikunywa kata sita. Ya nne nilimwambia inatosha, aende akalale. Aliondoka na ngoe begani, akawa ananiuliza kesho ni siku gani." Wazee wakamuuliza anaapa kwa nani. Akasema hana wa kumwapia. Wakamuuliza, basi nani kamtuma kumuumbua kaka yake? Akasema hakutumwa. Alipita Alhamisi kwa Namkunda akamkuta amekaa na watoto mlangoni, hata moto hajawasha.

Bado Sengondo hakukubali. Alikunywa, sawa, atalipa kosa la kunywa. Ila ngoe aliitundika upenuni, na aliyeitoa upenuni ni mwizi.

Akasimama Kilave. Akasema upenu wa nyuma wa nyumba ya Sengondo aliubomoa yeye kwa mikono yake Jumanne asubuhi, ulikuwa umeoza, na hakuuezeka upya mpaka Alhamisi. Nyumba iko peke yake kilimani, kwa nyuma hapaonekani kutoka njiani, ndiyo maana hakuna aliyejua. Siku ile hapakuwa na upenu wa kutundika hata ungo. Watu wakaguna. Sengondo alikuwa amesema kwa mazoea, akasahau paa la nyumba yake mwenyewe. Lakini Kilave naye hakufika pale kirahisi. Ijumaa alikwenda kwa mwalimu wake wa dini kutaka ushauri, na mwalimu akamwambia anyamaze. Sengondo ni nguzo ya waumini, akianguka watu wataicheka dini, na mjane atasaidiwa kwa njia nyingine. Kilave alimheshimu mwalimu yule kuliko baba yake. Alirudi nyumbani, na Jumamosi akasema. Jumapili yake akavuliwa kazi ya kuongoza nyimbo, kazi aliyoipenda kuliko kuezeka.

Basi kesi ikaisha. Masikio peke yake yasingetosha, macho peke yake yasingetosha, mikono peke yake isingetosha. Namkunda akarudishiwa zamu yake, maharage yakanyweshwa Jumapili. Sengondo akaondolewa.

Mnadhani ndio mwisho. Hapo ndipo penye kazi.

Mila ya pale ilikuwa kwamba mtu aliyesingiziwa wizi wa maji, ikithibitika hana hatia, ndiye anayemtaja mtunza ndiva mpya. Na mtunza ndiva hupewa shamba lililo chini ya bwawa, ambalo halikauki hata mwaka wa njaa. Jumapili hiyo hiyo Namkunda akapewa ngoe mkononi, wazee wakamwambia amkabidhi mmoja kati ya wale watatu, kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana kesho kuna mwenye zamu.

Namkunda akawaita watatu, wakaketi uani kwake. Akawaambia hana haja ya kujua nani kafanya kikubwa zaidi. Anataka kujua mwaka mwingine, akionewa mtu mwingine, nani kati yao atasimama tena.

Kiondo alisema yeye hana shida. Amri aliyoifuata ipo na itakuwepo, awe anakupenda au hakupendi. Akamnyooshea Nachia kidole, akasema, "Huyu alimhurumia Namkunda kwa sababu alimwona. Asiyemwona je? Moyo ni wa kwake mwenyewe, siku ukichoka nani ataudai?"

Nachia hakukasirika. Akasema ni kweli, hajui kama angesimama kwa mtu asiyemjua, na hataki kudanganya. "Lakini wewe umesema mwenyewe mbele za watu, kama si amri ungekaa kimya. Kilave naye aliambiwa anyamaze na mwalimu yule yule anayekusomea hizo amri. Ungeambiwa wewe, ungefanyaje?"

Kiondo akafikiri kwa muda mrefu. Akasema hajui. Nampa heshima yake, wengine wangejibu haraka.

Wakamgeukia Kilave. Wote wawili wakamdai ni wa kwao. Kiondo akasema ni Mungu aliyemsemesha, mwalimu ndiye aliyekosea. Nachia akasema ni moyo wake tu, aupe haki yake. Kilave akakuna kichwa. "Mimi nilikatazwa na mtu ninayemwamini, kitu ndani kikagoma. Nikisema ni Mungu, mwalimu atasema ni kiburi changu. Nikisema ni moyo wangu, moyo huu nimeulea kwenye dini tangu nanyonya, sijui nani aliufundisha kugoma." Akaongeza kwamba tangu avuliwe nyimbo anaumia, na hawezi kuahidi kuwa ataweza kuumia hivi mara mbili.

Namkunda alisikiliza, akawashukuru, mmoja mmoja kwa jina, hata Kiondo. Akabaki na ngoe magotini. Kiondo hampendi, ila alisema kweli bila kumpenda. Nachia hamwogopi yeyote wa juu, na usiku huo alikuwa hana pa kulala, kaka yake ameshamfukuza kwa ushahidi ule. Kilave alimkatalia mkubwa wake, na hajui alipata wapi nguvu ya kukataa. Jua likawa linashuka, na mwenye zamu ya kesho alishafika, amesimama nje ya ua anasubiri kujua ataipokea ngoe kwa nani.

Mimi naishia hapo. Nilipoisimulia kwa wengine waligombana mpaka chai ikapoa, na wawili hawakuagana. Kwa hiyo jibuni kwa adabu. Ngoe ungempa nani, wewe? Na usijibu kama mtu anayegawa zawadi. Jibu kama mtu mwenye maharage yanayotoa maua, maana mwakani anayesingiziwa anaweza kuwa wewe, huna shahidi, na mtunza ndiva huyo uliyemchagua hakupendi, hajawahi kukuona ukilia, na mkubwa wake amemwambia anyamaze.