Kwa Nini Mto Mkuu wa Uchina ni wa Manjano

Apeni kwanza kwamba hili halitoki hapa. Mmeapa? Haya, mimi sijaapa, na kwa hasira niliyo nayo nitamwambia hata jirani.

Zamani maji ya Mto Mkuu wa Uchina yalikuwa maangavu. Ukidondosha sindano, unaiona chini. Mzee Qiu, mwanafalsafa wa huko, alifundisha kwamba Mbingu humwazima mfalme kiti tu, na mto ukichafuka, ujue Mbingu inakidai kiti chake. Mfalme Wukang alitikisa kichwa kukubali, akapiga marufuku kukata mti mlimani. Atakayekata, azamishwe.

Mnafiki yule. Kumbe alitaka jumba lenye nguzo nyingi kuliko la baba yake, na nyuma ya mlima askari wake walifyeka msitu hadi mlima ukabaki kama kichwa kilichonyolewa. Mvua zikaja, udongo ukakosa mizizi ya kuushika, mto ukawa uji.

Watu wakaanza kunong'ona habari za kiti. Mfalme akatafuta wa kumtwisha lawama, akampata Bi Suyin, mjane muuza maandazi ya mvuke, aliyekutwa na kitita cha vijiti vikavu. Ati huyo ndiye aliyeumaliza mlima.

Akahukumiwa siku ya sadaka ya masika, mfalme anaponawa mikono mtoni mbele ya watu wote kuonyesha usafi wake. Mfalme alisimama majini na kanzu yake nyeupe. Bi Suyin yuko ukingoni, kafungwa kamba.

"Una neno, mama?" mfalme akauliza.

"Ninalo, Mwana wa Mbingu. Kuni zangu zilichemsha sufuria moja. Za kwako zinapika nini?"

"Mzamisheni."

Lakini huko juu mvua ilikuwa imeshauporomosha mlima. Magogo yaliyorundikwa kusubiri safari yakaja na maji, moja baada ya jingine, kila moja limechomwa chapa ya joka la mfalme. Mwizi yule aliogopa kuibiwa, akayatia alama mwenyewe. Askari wakaiachia kamba ya mjane bila kuambiwa.

Na tangu siku hiyo mto ule ni wa manjano, na wafalme waliofuata wakavaa manjano na kumkataza mtu mwingine rangi hiyo, ili tope lao lisionekane. Ila siku ile kanzu ilikuwa bado nyeupe. Tope lilikuwa limempanda mfalme hadi kifuani, gogo lenye chapa yake limemgota tumboni, na Bi Suyin akasema taratibu, umati mzima ukisikia:

"Mwana wa Mbingu, kuni zako hizo zimefika."