Nyati na Hodi ya Kifuani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba zenye milango na kuozana mabinti, aliishi Nyati mmoja mwenye kifua kipana kama kitanda. Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana huko mbele sioni pa kuchekea.

Nyati huyu alilima karanga. Nyuma ya nyumba alikuwa na kihenge, ghala la fito, na kila mavuno kilijaa mpaka juu. Mkewe aliitwa Mama Siwema, kwa jina la binti yao wa pekee, Siwema, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Nyumba yao haikukosa wageni. Ulikuwa hujamaliza kupiga hodi, Nyati ameshaitikia karibu kwa sauti ya kutikisa vyungu.

Siku moja jirani yake Kongoni alianguka shambani, puu, akafa na jembe mkononi. Hakuwa ameumwa hata mafua. Nyati ndiye aliyembeba. Aliporudi kutoka mazikoni akajilaza, akaweka mkono kifuani, akasikia: du-du, du-du, du-du.

Moyo ule ulidunda tangu azaliwe, ila hakuwahi kuusikiliza. Sasa akausikiliza, na kadiri alivyousikiliza ndivyo ulivyokwenda mbio. Mkono wa kushoto ukaingia ganzi. Jasho jembamba likamtoka na jua limeshatua. Wala msidhani alikuwa anasingizia, kama baadhi yenu siku ya kuchota maji. Ganzi ilikuwa ganzi kweli, na kizunguzungu kilimwangusha kweli.

Kobe, mganga wao, alimpima kuanzia ulimi hadi kwato, akamwambia hana ugonjwa. Nyati akashukuru, akalala usingizi mmoja mzuri. Kesho yake akarudi kuuliza kama alipimwa vizuri. Alirudi mara saba. Mara ya nane Kobe aliingiza kichwa gambani na hakukitoa.

Habari zikamfikia Nguchiro. Mnamjua, yule mdogo, mrefu wa kiwiliwili, macho hayatulii, na jembe hajawahi kulishika. Alikuja na uso wa msiba, akamwita Nyati mjomba, ingawa hata babu zao hawakuwahi kuonana. Akaweka sikio kifuani pa Nyati, kisha akatikisa kichwa.

"Mjomba," alisema, "huo si moyo. Hiyo ni hodi."

"Hodi ya nani?"

"Ya yule aliyemchukua Kongoni. Anagonga kwa adabu, anangoja uitikie. Siku utakayosema karibu, hata kwa mgeni mwingine, ataingia yeye."

Nyati akauliza afanye nini. Nguchiro akamwagiza asiitikie hodi ya yeyote, mkewe naye aapishwe asiitikie. Asishike jembe, na karanga asiziguse kwa sababu zinaulemea moyo. Zile za kihengeni atazihamisha yeye mwenyewe, kidogo kidogo, zisimfikie mgonjwa hata kwa harufu.

Ikawa kila asubuhi anaingilia dirishani. Hodi hapigi. Anauliza, "Na goti je, mjomba? Na nyuma ya jicho?" Likitajwa goti, goti linauma. Likitajwa jicho, jicho linacheza. Akishamaliza kuuliza anazunguka kihengeni: kacha kacha kacha.

Majirani walipiga hodi, wakangoja, wakaacha kuja. Mama Siwema alilia mpaka akachoka.

"Baba Siwema," alimwambia mumewe, "siku hizi naishi na kifua chako. Wewe mwenyewe sikuoni."

Nyati alijua ni kweli. Kila alipoamka alijiapia kwamba leo hajipimi, na kabla uji haujaiva mkono ulikuwa kifuani tena. Shamba likaota magugu. Akakonda, akakata tamaa. Jamani, inachosha kumwogopa mtu anayeishi ndani ya mbavu zako.

Ndipo Siwema akajifungua mtoto wa kiume. Arubaini ilipotimia alivuka mto kumleta kwa babu yake, maana kwao babu ndiye humpa mjukuu jina, na humpa akiwa amempakata. Mama yake alikuwa kisimani. Siwema akasimama mlangoni.

"Hodi, baba."

Nyati alikuwa kitandani. Alimsikia mtoto akilialia. Du-du-du-du.

"Hodi. Ni mimi, Siwema. Nimekuja na mjukuu wako."

Neno karibu likamfika ulimini. Moyo ukapanda mpaka shingoni, macho yakaingia giza, akajiziba mdomo kwa kwato.

"Hodi, baba," alisema mara ya tatu, na sauti ilikuwa imeshapungua.

Adabu mnaijua: hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni huondoka. Siwema akaondoka.

Mama yake alikutana naye njiani analia. Akatua mtungi, akamrudisha hadi mlangoni, akamwambia angoje, kisha yeye akazunguka nyuma kwa hasira ya miezi yote ile. Huko akamkuta Nguchiro kihengeni, mashavu yamefura, na karanga zilizobaki hazijazi hata viganja viwili. Alimkamata mkia, akambeba akining'inia mpaka kitandani kwa mumewe, akamwambia aseme.

Nguchiro akasema yote. Hodi ile aliitunga mwenyewe.

"Lakini hofu sikukupa mimi, mjomba. Nilikukuta nayo, nikaipa jina tu. Hebu sikiliza kifua changu."

Nyati akasikiliza: dududududu, mbio kuliko wake. Akasikiliza na kifua cha mkewe, nacho kinadunda. Aliye hai anadunda, basi. Nyati alielewa kabisa, nataka mjue hilo, kwa sababu hakuwa mjinga. Nguchiro akachomoka, akakimbilia vichakani, na hakuna aliyemfukuza.

Siwema akapiga hodi upya. Nyati akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mkewe akangoja, akangoja, mwishowe akaitikia yeye.

Mtoto akawekwa mapajani mwa babu yake. Alikuwa mzuri, mzima, kwato bado laini.

"Mpe jina, baba," Siwema alimwambia.

Nyati akamwinamia mjukuu wake, na sikio, kwa mazoea, likatua kwenye kile kifua kidogo. Akakaa hivyo.

"Mbona wake unakwenda mbio hivi?" aliuliza. "Mama Siwema, kamwite Kobe."

Siwema akamwondoa mwanawe mapajani mwa baba yake, taratibu, akavuka mto kurudi kwake na mtoto asiye na jina.

Basi wanangu, mwongo unaweza kumtoa nyumbani kwa siku moja, lakini hofu aliyoikuta humo haitoki naye.