Mwenye Baridi Usimshibishe

Mwenye baridi usimshibishe, mfunike. Mnacheka? Mnataka kujua nani alimfunika nani? Basi tulieni. Msemo huu ulitoka kwenye shimo la samadi kule Makete, mwezi wa Juni, kwenye baridi ya kugandisha sauti ya jogoo: akiwika alfajiri, mnamsikia saa sita mchana, ikishayeyuka.

Edina Tweve alikuwa na mtambo wa gesi, shimo lililojengewa kuba ya matofali. Fundi alimwambia humo ndani mna vijidudu wanaokula kinyesi cha ng'ombe na kutoa gesi. Naye Edina alikwisha kujigamba kwa wakwe watarajiwa: wakija kumposa binti yake, watakula wali ulioiva bila moshi hata wa dawa. Zilibaki wiki tatu, jiko likaanza kukohoa.

Edina hakutulia. Kwao, mfanyakazi akilegea hupewa chakula. Akamimina ndoo mbili za samadi iliyokorogwa kwa maji ya mto, yale ya kuuma meno. Moto ukapungua. Akamimina nne. Akaenda, akarudi, akatega sikio shimoni, akamimina sita. Moto ukazimika, shimo likanuka uchachu. Siku ya nne akaja mbio na sufuria ya maji yanayotokota.

"Wee wifi!" Leya, dada wa mumewe, mpika pombe, alimdaka mkono. "Unawapikia au unawapika?"

"Wamegoma! Nimewalisha mpaka basi!"

"Wamezizima, hawajagoma. Wewe ukitetemeka, nikikushindilia ugali utalima? Pombe yangu ikikataa kuumuka siiongezei kimea, naivisha sweta. Na maji hayo yangewaua wote."

"Na wakwe je?"

"Weka sufuria chini kwanza. Una kiherehere kama kuku anayetaka kutaga."

Wakalifunika shimo kwa maranda, nyasi kavu, kisha mablanketi. Edina akaacha kulisha wiki nzima, roho juu, akichungulia kila mara. Halafu akalisha kidogo kidogo, samadi iliyokaa juani hadi ikawa vuguvugu.

Wakwe wakafika. Mshenga akaona mablanketi uani, akavua kofia, akanong'ona, "Poleni sana. Mgonjwa ana muda gani?"

Jikoni, moto wa buluu ulikuwa ukivuma chini ya wali. Edina akacheka hadi akashika ukuta.

"Si mgonjwa, mzee. Ni wapishi wangu. Mwenye baridi usimshibishe, mfunike."