Moshi wa Jumbe Shekue

Ngano hii hakuna aijuaye kunishinda. Wewe unayepiga miayo, utajuta.

Jumbe Shekue alitangaza barazani, "Wageni wametukaushia kisima." Alasiri ileile watu wakachoma nyumba ya Nyangeta, mfinyanzi mgeni, na mumewe akafia ndani.

Nyangeta akaleta chungu cha kiapo: ukinywa maji yake, kiungo chako kilichoua kinafuka moshi. Mchomaji akanywa, mikono ikafuka. Aliyeonyesha nyumba akanywa, kidole kikafuka.

Jumbe akacheka. "Mimi, mama, hata kijinga cha moto sikushika." Akanywa. Moshi ukamtoka kinywani, mwingi kuliko wa wale wawili.

"Nilisema tu."

"Basi sema tena nani alikausha kisima," akajibu Nyangeta.

Jumbe akafumba mdomo. Moshi ukapitia puani. Wazee wakamvua kilemba kabla hakijashika moto.